Uji, Gundi na Joka la Bombani

Jumatatu, 14 Julai

Picha ya Ndege, Kibaha. Nyumba moja, kampuni moja, mgonjwa mmoja. Mkurugenzi: mimi, Kitwana. Mpishi: mimi. Nesi: mimi. Nani mwingine angeweza? Nimefika Lusaka na Lubumbashi nikiwa utingo wa malori. Darasa la saba nimelimaliza, kidato cha kwanza nikakichungulia dirishani.

Mke wangu Mwanamkuu, hii wiki ya tatu mguu uko kwenye hogo la plasta. Aliteleza bafuni. Kulikuwa na majalada ya vitabu yakikauka sakafuni. Nani aliyaweka, si hoja ya leo. Analala kwenye kochi sebuleni, maana kitandani kuna karatasi.

Karatasi ni za *Joka la Bombani*. Joka linaishi ndani ya bomba kubwa la maji la Ruvu, linakunywa maji yote ya Dar es Salaam. Mtunzi ni Omary, fundi baiskeli wa Kisarawe. Mchapishaji, mimi. Uzinduzi ni Jumamosi, kulekule Kisarawe, nakala mia mbili. Kopi katoa Rajabu wa steshenari. Kasoma bure, kisha kasema joka haliwezi kuenea kwenye bomba. Hajafika hata Chalinze, atajua nini kuhusu majoka!

Kazi iliyobaki: kukunja, kupanga, kugundisha. Mikono: miwili. Na hiyohiyo inapika, inafua, inamkuna Mwanamkuu ndani ya hogo kwa rula yangu ndefu ya chuma. Mguu unamwasha kila saa. Nikimkuna anafumba macho kama paka. Nikirudi kwenye karatasi, nimesahau nilikuwa ukurasa wa ngapi.

Leo wamekuja wageni wanne kumjulia hali. Wamekaa saa nzima, mikono mapajani. Mikono minane, bure!

Jumanne, 15 Julai

Akili kama hii hazigawiwi kila siku.

Mgeni akiingia: karibu, keti, shika karatasi. Anatoa pole huku anakunja. Mwanamkuu kaniuliza kwa nini jirani yetu Mama Zawadi anakunja karatasi. Nikamwambia ni mila za Kongo, mgonjwa hupona upesi akikunjiwa. Kanitazama kwa muda mrefu.

Tatizo: mguu uliovunjika hauvuti watu. Wiki ya kwanza walijaa, ya tatu wanahesabika. Basi nikamwendea Mzee Mwinyimadi, mwadhini wetu, nikamnong'oneza kwamba hali ya Mwanamkuu imebadilika. Sikudanganya. Asubuhi alikuwa amelala, mchana akawa ameketi. Mzee akauliza, imebadilika vibaya? Nikashusha pumzi, nikatazama chini. Pumzi si uongo.

Omary naye kapiga simu, vitabu vimefikia wapi. Nikamwambia ndugu yangu, nyumbani pazito, tuombeane. Habari ya vitabu hakuigusa tena. Jibu moja, maswali yote chali!

Jumatano, 16 Julai

Wageni thelathini na mmoja! Wamejaa mpaka barazani. Wanakunja, wanasoma, wanagombana. Bi Maua wa nyumba ya tatu kagoma kuachia ukurasa wa sabini mpaka ajue kama joka litamwoa binti wa fundi bomba. Mwingine kaukalia ukurasa wa sabini na moja makusudi. Mmoja alikuwa analia. Sikujua anamlilia Mwanamkuu au joka.

Mwanamkuu kaniuliza kwa nini kila anayeingia anamshika mkono na kumwomba msamaha. Mama Zawadi kakiri kwamba ule ungo uliopotea mwaka juzi ni yeye aliyeuchukua. Nikasema ni upendo tu, mke wangu.

Jikoni sufuria mbili. Moja ya gundi, nimeipika mwenyewe kwa unga wa muhogo wa Masaki. Masaki ya Kisarawe, si ile ya mabalozi. Ya pili uji wa mgonjwa, kaleta Bi Maua, muhogo vilevile, mweupe, mzito, sukari haikuonewa huruma. Mifuniko inafanana. Mkono huu brashi, mkono ule bakuli, na watu wananiita kila upande.

Nimegundisha vitabu mia na ishirini. Vimeshika ajabu. Mwanamkuu kamaliza bakuli zima, kasema uji wa leo una msimamo.

Alhamisi, 17 Julai

Sisimizi! Safu imetoka uani, imepita chini ya mlango, imeingia kwenye *Joka la Bombani* na kutoka na mgongo wake. Nikaonja kitabu. Kitamu! Kama uji uko kwenye vitabu, basi gundi...

Kwenye kochi Mwanamkuu analalamika tumbo limefunga, limekuwa gumu kama hogo.

Ndipo gari likasimama mlangoni. Bi Hajra, mama mkwe wangu, kutoka Kibuta, hukohuko Kisarawe kwa Omary, pamoja na wajomba watatu. Omary alikuwa amewafikishia kwamba mtoto wao yuko ukingoni. Shikamoo, mama. Marahaba, kavu kama kokwa ya embe. Mjomba mmoja ana kifurushi kwapani, kitambaa cheupe, kipya.

Mwanamkuu akakiona. "Mjomba, hiyo sanda ya nani?"

Mjomba akajibu ni pazia tu, mwanangu. Kisha akanitazama mimi. Wote wakanitazama mimi.

Bi Hajra akauliza mtoto wake amekula nini. Mimi nikibanwa husema kweli. Nikasema: gundi. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Akainama, akaanza kukusanya kanga za mwanawe moja moja. Akasema kwao Kibuta mgonjwa hulishwa chakula. Mwanamkuu atakaa huko mpaka apone, na akishapona, ukoo utakaa kuamua kama anarudi.

Kama anarudi! Wakambeba. Hakugeuka.

Ijumaa, 18 Julai

Nimepika chai ya watu wawili. Nimepanga mto wa kuwekea mguu kwenye kochi tupu, nikauangalia.

Vitabu nimevikwangua na kuvigundisha upya. Safari hii gundi nimeionja kwanza. Kila nikikwama ukurasa upi unafuata, maana kopi imekula namba nyingine, naita "Mwanamkuu!" Ni yeye aliyesoma kitabu chote na kukinyoosha, yeye kafika kidato cha nne. Siri hiyo iishie humu. Bila yeye kurasa nimezichanganya: joka langu limekufa, na ukurasa unaofuata linaoa.

Rajabu kapita, kasema pole kwa msiba. Nimemtoa mbio kwa rula.

Halafu nikaitazama hiyo rula. Huko Kibuta nani anamkuna?

Jumamosi, 19 Julai

Kisarawe. Nimemkabidhi Omary vitabu, nikamwambia azindue mwenyewe. Nikapanda bodaboda kwenda Kibuta, rula mgongoni kama upanga.

Sikupewa kiti. Wajomba wakasoma mashtaka: kumtangaza mzima kuwa maiti, kumgeuza mgonjwa kiwanda, kumlisha gundi. Mawili nikakiri, la kiwanda nikabisha kidogo. Bi Hajra akaniuliza kwa nini anirudishie mwanawe. Nilikuwa na hotuba, yenye mifano mpaka ya Zambia. Ikayeyuka. Nikasema nyumba imenishinda, mama, hata chai sijui tena kupima. Nikainua rula, sijui kwa nini.

Sauti ikatoka ndani. "Ni ile ndefu? Mama, mwache aingie upesi, siku mbili hizi mnanikuna kwa mwiko!"

Nikaingia. Nikakuna. Akafumba macho. Kisha akasema polepole: tumbo limeshafunguka, wewe ni mwongo wa kutupwa, na nitarudi. Lakini uape mbele ya mama.

Nikaapa. Sitasema tena Mwanamkuu anaumwa kuliko anavyoumwa. Mgeni aliyekuja kumwona Mwanamkuu hatashika karatasi. Kila neno nililimaanisha. Nililia kidogo. Vumbi la Kibuta ni kali.

Jumatatu, 21 Julai

Mwanamkuu yuko kwenye kochi, kalamu nyekundu mkononi, analitafutia joka ukurasa wake wa harusi. Bi Hajra yuko jikoni, kazilinda sufuria. Nyumba imerudi kuwa nyumba.

Omary kapiga simu. Vitabu vimekwisha! Watu wamependa hasa pale joka linapokufa halafu linaoa. Wanataka mia tatu zaidi, kabla mwezi haujaisha.

Mikono: miwili.

Kiapo ni kiapo, mimi si mtu wa kugeuka. Nimekirudia kichwani neno kwa neno. Kinamtaja Mwanamkuu. Kinataja wageni wa Mwanamkuu. Hakuna mahali kinaponitaja mimi.

Tangu mchana mgongo umeanza kunivuta. Upande wa kushoto. Au kulia. Nimejikongoja hadi kwa Mzee Mwinyimadi, nikashusha pumzi, nikatazama chini.

Nimemwomba jambo moja tu: watakaoleta uji, wasitie sukari.