Malalamiko Kuhusu Chupa Ishirini na Nne za Posa ya Bukuru

Ntobeye, Ngara
17 Agosti 1995

Kwa Meneja Mkuu,
Kampuni ya Soda Nyeusi,
Amerika
(kwa mkono wa dereva wa lori lenu)

Mheshimiwa,

Shikamoo. Kama nimekuzidi umri, nirudishie, nitaitikia ikinifikia.

Mimi ni Methusela, mkulima wa migomba, darasa la nne. Mengine nimejisomea katika magazeti ya kufungia sukari. Humo nilisoma kwamba soda yenu ilianzishwa na mfamasia, akiiuza kama dawa ya kichwa. Sina ugomvi na marehemu. Ugomvi wangu ni kwamba soda hiyo imemkosesha mwanangu Bukuru mke, na kijana sasa hali wala halali.

Jumapili tulikwenda kumposa Iteka, binti wa Mzee Nshimiyimana, aliyevuka kutoka Burundi mwaka juzi na sasa ni jirani yetu. Posa huendewa na mtungi wa pombe ya ndizi. Lakini mwaka huu ndizi zetu zililiwa na wakimbizi zikiwa changa, na mwenye njaa halaumiwi. Tukabeba kreti yenu. Basi malalamiko ni haya:

1. Huku kwetu anayeleta kinywaji hukionja kwanza, wakwe waone hakina sumu. Mtungi ni mmoja. Unapiga funda moja, yamekwisha. Ninyi mmeleta chupa ishirini na nne, kila moja na kizibo chake! Mzee Nshimiyimana, mtu aliyewakimbia majirani zake mwenyewe, akazitazama, akasema kwa upole, "Mkwe, hiyo umeonja. Na zile?" Nikaonja zote.

2. Nilisoma pia kwamba mapishi yenu ni siri, yamefungiwa kabatini. Shangazi yake Iteka, Niragira, akauliza mna nini ndani. Nikasema sijui, wenyewe hawasemi. Akapiga makofi: "Mmesikia? Kaleta asichokijua!" Mke wangu Selestina akiulizwa kuhusu pombe yake hujibu: ndizi, mtama, maji. Amerika nzima imeshindwa kusema maneno matatu?

3. Kama ilikuwa dawa, kipimo kiko wapi? Hata nesi wa zahanati huandika kijiko kimoja kutwa mara tatu. Nilipofika chupa ya kumi na saba nilitafuta maandishi ya kunionya. Hayapo.

4. Mzee akasema, "Haya, tuambie kilichowaleta." Nikasimama, nikavua kofia, nikafungua kinywa. Mheshimiwa, ikatoka mbweu, mbuzi akakata kamba. Nikaomba radhi, radhi nayo ikatoka mbweu, tena ndefu kuliko ya kwanza. Niragira akasema, "Posa tumeisikia, nani ataitafsiri?" Wakaingia ndani, wakafunga mlango. Hotuba ya wiki tatu imebaki tumboni pamoja na soda yenu.

5. Kwa hiyo naomba mtaje viungo kwa maandishi yenye mhuri. Pia mtengeneze chupa moja yenye ukubwa wa mtungi, mdomo wake utoshe mirija kumi. Vikichelewa hivyo, uje mwenyewe uonje mbele ya Mzee, na ukiri kwamba ile mbweu ni mali ya kampuni. Godoro lipo. Na hilo likishindikana, kampuni itoe binti wake, maana wetu mmetukosesha.

Msalimie mkeo, watoto, na wapishi wote wa soda, hata wale wasioruhusiwa kujua wanachopika. Selestina anakusalimu. Bukuru hasalimu mtu siku hizi.

Ni mimi, bado nimejaa gesi,
Methusela

N.B. Dereva alikuwa anawasha lori, nikamsimamisha. Mzee Nshimiyimana amefika hapa kwa miguu yake. Anasema tangu avuke mpaka hajaona mtu akijitesa hivyo ili yeye anywe bila hofu, na kwenye nyumba ya mtu huyo binti yake atakuwa salama. Iteka ametolewa! Kwa hiyo futa namba moja hadi tano, usije, na siri yenu kaeni nayo. Leteni kreti thelathini za harusi. Mzee ameamuru nisionje hata moja.