Santuri Niliyoisikiliza Polepole Miaka Ishirini

Leo nimejivunjia heshima Peckham, hapa London, mchana kweupe, mbele ya watu kumi na tano. Na mmoja wao ndiye mwenye wimbo.

Nianze na safari, maana ndiyo iliyoniponza. Nilitoka Tanga baada ya kidato cha nne na begi moja. Nikakaa Nairobi, nikakaa Muscat, nikakaa Piraeus nikipakua meli, halafu London. (Mke wangu wa zamani alikuwa akisema mimi nikishazoea kitasa cha mlango tu, nahama.) Nairobi nilinunua santuri ndogo kwenye meza ya mitumba. Haikuwa na jalada. Karatasi ya katikati ilikuwa imechanika, limebaki jina la bendi tu: Kettle Orphans. Mayatima wa Birika. Nani angeiacha?

Jamaa niliyepanga naye chumba alikuwa na mashine ya santuri yenye swichi ya mwendo iliyokwama. Nikaisikilizia hapo, nikairekodi kwenye kaseti, na kaseti hiyo ndiyo niliyozunguka nayo dunia.

Basi, kuna grupu letu la mtandaoni la wapenzi wa punk, muziki ule wa magitaa na makelele, hasa zile bendi zilizotoa wimbo mmoja, zikagombana, zikafa. Kila mtu anatuletea bendi yake ambayo dunia imeisahau. Mimi nimewaandikia kuhusu Kettle Orphans kwa miaka mitatu. Jinsi ngoma zinavyoburuta miguu. Jinsi yule mwanamume anavyoimba kama yuko chini ya kisima, maneno hayaeleweki isipokuwa "hatarudi, hatarudi". Niliwaeleza kwamba mama yangu alipofariki nikiwa Piraeus, sina makaratasi ya kusafiria, ni wimbo huo niliokaa nao matanga peke yangu. Wakaanza kuniita Profesa. Mimi, dereva wa foklifti kwenye ghala la Hayes. Sijui kama mnaelewa utamu wa kuitwa Profesa wakati kazini unaitwa "wewe wa geti la nne".

Leo ndiyo tumekutana ana kwa ana mara ya kwanza, kwenye chumba cha nyuma cha duka moja la santuri. Nimetoka shifti ya asubuhi, treni mbili na basi moja, santuri nimeiviringisha kwenye taulo. Njiani nikampitia Kishor, rafiki yangu mwenye duka la vitambaa Tooting, mzaliwa wa Mombasa. Kwake punk ni kelele za watu waliokosa kazi.

"Bakari bwana, umevaa tai?"

"Ni heshima."

"Heshima gani kwa muziki wa kuvunja viti?"

Zamu yangu ikafika. Tony, mwenye duka, akaiweka santuri. Ikaanza kupiga chapuchapu, sauti nyembamba kama kuku aliyekanyagwa. Nikasimama.

"Samahani ndugu, mwendo si huo."

"Hizi ndogo ni mizunguko arobaini na tano kwa dakika," akasema Tony. "Zile kubwa ndizo thelathini na tatu."

"Hii ni tofauti," nikamwambia, kwa upole wa mtu anayemsamehe mwanafunzi. "Weka thelathini na tatu."

Akanitazama, akapunguza. (Profesa ni Profesa.)

Wimbo ukaanza kuburuta miguu vile ninavyoujua. Nikafumba macho, nikahutubia. "Msikilizeni huyu baba. Huyu ni mtu aliyezika kila alichokuwa nacho." Hata Kishor alikuwa ameinamisha kichwa.

Nyuma kabisa alikaa mama mmoja mtu mzima, nywele fupi nyeupe, mfuko wa vitunguu mapajani. Akanyoosha mkono.

"Huyo baba," akasema, "ni mimi."

Nikadhani anatania. "Mama, huyu ni mwanamume."

"Ukinizungusha polepole hivyo, lazima niwe mwanamume. Tony, rudisha mwendo wa kwanza."

Tony akarudisha. Kuku naye akarudi. Mama akaimba juu yake neno kwa neno, mguu ukipiga sakafu. Wimbo unahusu fundi bomba. Aliahidi kuja Jumanne, hakuja, maji yamejaa jikoni, hatarudi, hatarudi. Dakika moja na nusu, umekwisha.

Watu walicheka mpaka Tony akakaa chini. Kishor alikuwa ameshika ukuta. "Bakari, yaani umemlilia fundi bomba miaka ishirini?"

Yule mama hakucheka. Kumbe naye alikuwa akinisoma kwenye grupu; alinisogelea akaniuliza kama mama yangu alizikwa vizuri. Nikamwambia walimzika ndugu zangu, mimi sikuwepo.

"Basi wimbo wako ni mwingine," akasema. "Huo sikuutunga mimi. Naomba nakala."

Nikamwambia kaseti iko nyumbani. (Ilikuwa mfukoni. Nilikuwa nimeishikilia.)

Kwenye basi nikafungua simu. Kwenye grupu nilikuwa nimeshabadilishwa jina: Profesa Thelathini na Tatu. Kuna aliyekwishaweka picha ya bomba linalovuja. Nikabonyeza kitufe cha kujitoa. Nimehama miji mingi, lakini hii ni mara ya kwanza kuhama mahali kwa sababu ya wimbo wa dakika moja na nusu. Sirudi.

Naomba msicheke. Anayeshindwa kabisa, acheke polepole.