Karamu ya Kuwaziba Maafisa Midomo

Jumatatu, 9 Juni
Barua imefika. Idara ya misitu inakuja Alhamisi "kusikiliza maoni" kabla ya kuufunga msitu wetu, wenye matunda ya babu zetu na miti ya mitumbwi. Kusikiliza! Ramani imeshachapishwa. Tumebakizwa sisi kuitikia kwa vichwa. Hatuitikii.

Nina mpango. Kwetu Waiban, mgeni haulizwi shida yake kabla hajashiba. Basi asishibe mpaka mashua yao iondoke, saa tisa. Bila mkutano hakuna idhini. Nimesoma sheria yote, hadi tanbihi.

Jumanne, 10 Juni
Mzee Nyambong, mkuu wa nyumba yetu ndefu, paa moja na kila familia mlango wake, amekubali. Anapenda nguruwe. Mama Lidi wa mlango wa tisa kapinga. Anazunguka milango yote ishirini na sita na daftari, kila familia itie dole gumba chini ya neno moja: hapana. Neno moja! Mimi nimeandika kurasa kumi na nne. Nikamwambia hajui siasa. Akasema, "Baba Jelian, wewe piga kelele. Mimi niache nihesabu milango."

Alhamisi, 12 Juni
Ushindi! Maafisa watatu barazani. Nguruwe, wali wa kwenye mianzi, samaki, pombe ya mchele. Kila mkubwa wao alipofungua mdomo, niliujaza. Akauliza mkutano saa ngapi. Nikamwambia adabu kwanza. Saa tisa walipanda mashua, mkubwa kabebwa, hawajasoma hata mstari. Walipiga picha nyingi. Nilisimama mbele, ngumi juu.

Jumatatu, 16 Juni
Taarifa ya idara imetoka. Picha yangu ukurasa wa kwanza. Eti wenyeji wameupokea mpango kwa karamu! Ngumi yangu wameiita shangwe. Mzee Nyambong kaniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama hilo nalo limo kwenye tanbihi.

Jumatano, 18 Juni
Tumekwenda ofisini kwao mjini. Nilikuwa ukurasa wa pili wa hotuba afisa alipoinua picha, akauliza kama huyo si mimi. Nikazikunja kurasa zote kumi na nne. Mimi!

Mama Lidi akaweka daftari mezani. "Kwetu unasema mlango, si tumbo. Milango ishirini na sita, hapana ishirini na sita. Andika."

Afisa akasema watu walionekana kufurahi.

"Tulimlisha mgeni. Hata ukija kuniibia, baba, nitakulisha kwanza. Kisha nitakukatalia. Andika."

Akaandika. Msitu haufungwi mpaka warudi mwezi ujao na kuuliza mlango mmoja mmoja. Ishirini na sita, kumbe na wangu umo. Mke wangu alitia dole Jumanne ile ile, hakuniambia.

Alhamisi, 19 Juni
Nimelichunguza kosa langu bila kujionea huruma. Nguruwe mmoja hakutosha. Mwezi ujao watakuwa watatu, na mpiga picha ndiye atakayeanza kulishwa.