Kinanda cha Baba na Kalenda ya Tisini na Saba

Makanyagio, Mpanda
Agosti 2025

Kwa Baba Mkubwa Silvester, Kabungu

YAH: OMBI LA KUKIHAMISHA KINANDA

Shikamoo Baba Mkubwa. Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri: umeme ukikatika, mtaa mzima unalalamika, mimi nafurahi. Nafurahi kwa sababu kinanda cha mdogo wako kinanyamaza.

Unanijua, mbele za watu sisemi. Mwalimu wetu wa Kiingereza anasema malalamiko ya msomi huwa na namba. Ningeyaandika kwa Kiingereza chake, ila nataka uyasome wewe, siyo yeye.

1. Kinanda kimepewa sebule. Ni kile cha umeme, cha safu mbili na makanyagio ya mbao chini, alichoachiwa Baba na padri mzee aliyerudi kwao Ulaya. Makochi yamehamia uani. Wageni wanakaa kwenye benchi la kinanda, wameelekea ukutani kama watoto wa adhabu. Kimefunikwa vitambaa vitatu vya kudarizi vya Mama, mimi shuka la pili sina. Masika paa lilipovuja, Baba alikisogeza mahali pakavu, yaani pale palipokuwa na godoro langu. Sikulalamika. Godoro lilikuwa halijaoga siku nyingi.

2. Kinanda kina kibonye cha rumba, nacho kimenasa. Ukikiwasha tu, ngoma zinajipiga zenyewe. Jumuiya ilipokuja kusali kwetu, kumwombea marehemu mume wa Mama Fausta, Baba akasema wimbo bila kinanda haufiki. Tukaimba wimbo wa msiba, kinanda kikapiga rumba. Mama Fausta, mjane mwenyewe, mabega yakaanza kumcheza. Mzee Kassiani akasema, "Huyu marehemu leo anaingia mbinguni anakata kiuno." Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, natamani kuwa mlango.

3. Kinanda kimeanza kuita ndugu zake. Sasa tuna redio kaseti mbili zilizokufa, simu ya kuzungusha namba isiyo na waya, na kalenda ya mwaka 1997 yenye picha ya bendi, wanaume wa suruali pana. Hiyo kalenda ndiyo inatuongoza. Baba aligundua kwamba siku zake zinalingana na za mwaka huu, Jumatano kwa Jumatano. "Sasa mpya ya nini?" akauliza. Kweli zinalingana, ila Kwaresima haiifuati bendi. Februari tulivaa vizuri tukaenda kupakwa majivu, tukamkuta Romana peke yake anafagia kanisa. "Nyie wa kwa Dieudonne," akasema, "mna dhambi gani za haraka hivyo?" Tulikuwa tumewahi kwa wiki tatu. Unadhani Baba aliona aibu? Tulianza kufunga siku hiyohiyo, peke yetu, halafu tukafunga tena na Kanisa zima.

4. Nimeshushwa cheo. Mgeni akiingia, Baba anaanza na kinanda: "Huyu ndiye mtoto wetu wa kwanza." Ndipo anasema, "Na yule ni Providence, hasemi." Basi sawa. Huyo wa kwanza aoshe vyombo, achote maji, aende Usevya kumvunia shangazi mpunga, na Novemba afanye mtihani wa kidato cha nne. Akiwa anajibu Kemia, mimi nitakaa sebuleni nimefunikwa kitambaa.

Kwa hiyo naomba uje Jumamosi na yule mnunuzi wa vitu vya zamani aliyekupigia simu, mkichukue. Wewe ni kaka yake, hawezi kukukatalia. Umwambie wazo ni lako.

Nasikia ndala za Baba koridoni. Zimesimama mlangoni, kama kila siku. Huwa naisukuma karatasi chini ya daftari la Kemia. Leo nimechoka kuficha. Naiacha hapo aione.

Msalimie Mama Mkubwa, Krispini na mke wake, mbuzi wote na yule mbwa mkali. Simu yetu nayo inawasalimu, ingekuwa na waya ingewapigia.

Ni mimi mtoto wako, niliyeshindwa na kinanda,
Providence Dieudonne

Nyongeza: Baba ameisoma yote, amesimama. Nilijua ataichana. Akasema, "Namba tatu ni kweli," akaishusha kalenda ukutani. Halafu akaniuliza namba tano iko wapi.

Namba tano ni kwamba yeye akienda shamba, mimi nafunga mlango, natoa vitambaa, nakibana kile kibonye kwa njiti ya kiberiti, napiga. Nilidhani hakuna ajuaye. Kumbe hurudi mapema, anasimama hapo mlangoni na jembe begani mpaka nimalize, maana anajua akiingia nitaacha. "Nikiwaambia wageni kwamba unapiga, utakimbia," akasema. "Ndiyo maana nawaonyesha kinanda."

Baba Mkubwa, Jumamosi mwache mnunuzi hukohuko. Njoo peke yako. Kiti chako kitaelekea ukutani, usishangae, siwezi kupiga nikitazamwa.

Na uombe umeme usikatike.