Afisa Uhusiano wa Sufuria Sita

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimejiteua Afisa Uhusiano wa jiko la dada. Hakuna aliyepinga, kwa kuwa sikumuuliza mtu. Dada anapikia harusi, misiba na semina kwa sufuria sita, na Ijumaa mkuu wa chuo cha wauguzi ataamua nani awapikie wanafunzi wake chakula cha mchana. Ni sisi au Mama Mwiko wa mtaa wa pili. Dada kasema tukiikosa kazi hii anafunga jiko, anarudi kushona sare. Alisema hivyo huku ananitazama mimi. Sijui kwa nini.

Shemeji, anayesambaza vyakula kwa pikapu, kauliza afisa uhusiano hufanya nini. Nikamjibu hujenga taswira. Akasema basi nianze kwa kuijenga ile meza iliyovunjika mguu. Watu wasio na maono!

Jumanne, 4 Machi

Mkuu wa chuo kuja kuonja saa sita. Nafasi adhimu! Jiko lisilo na foleni halina hadhi, kwa hiyo nikakusanya majirani na timu nzima ya mpira ya shemeji, nikawaahidi sahani za bure, wakajipanga kutoka mlangoni hadi duka la dawa. Ilipendeza mno. Nikaipiga picha.

Mkuu wa chuo alifika kwa wakati na kujipanga nyuma ya golikipa, kwa adabu zake. Sikuwahi kumwona, nikadhani ni mke wa mtu. Nikamwomba arudi nyuma kidogo foleni ionekane ndefu. Akarudi. Baada ya nusu saa akatazama saa yake, akaenda kula kwa Mama Mwiko, ambako hakukuwa na mteja hata wa dawa. Timu ikamaliza kuku wote wa kuonjwa. Dada alikwangua ukoko kwa nguvu kuliko ukoko ulivyohitaji.

Jumatano, 5 Machi

Dada kampigia mkuu wa chuo, kaomba radhi mpaka sauti ikamkauka. Atapokea chakula ofisini kwake kesho. Mimi nimepigwa marufuku kukaribia chuo.

Sawa. Lakini taswira hailali. Nimejiuliza nini humwangusha mpishi. Uvumi! Basi nimeuwahi kabla haujazaliwa. Nimeandika taarifa kwa umma: jiko letu linakanusha vikali kwamba mende alionekana kwenye supu, mende huyo si wetu, aidha, hakuna mgeni yeyote wa semina ya mwezi jana aliyelazwa. Nikagonga muhuri. Nikawatumia wateja wote waliomo kwenye simu ya dada. Chuo sikukikaribia, mimi ni mtu wa kutii. Nilimsubiri mlinzi wao njiani, nikampa nakala aibandike getini.

Alhamisi, 6 Machi

Simu inaita tangu alfajiri. Umaarufu! Wa kwanza, mama wa bi harusi wa Jumamosi, kauliza mende yupi. Nikamweleza hakuna mende, ndiyo maana tumekanusha. Akauliza huyo asiye wetu ni wa nani. Uchokozi mtupu. Kavunja oda.

Saa nne akaja bwana afya na tochi. Kachungulia chini ya karo, nyuma ya jokofu, ndani ya kila sufuria. Safi kabisa! Nikamwomba aandike kwamba hakuona mdudu yeyote. Akanitazama, akasema hawezi kuandika uongo.

Mkuu wa chuo kakila chakula cha dada, kamaliza sahani, kasema hajala kitamu kama hicho siku nyingi. Ila wazazi wamesoma tangazo la getini. Dada alirudi, akakaa juu ya gunia la mchele, akalia. Niliumia sana, kwa kama dakika nne.

Ijumaa, 7 Machi

Uamuzi umetoka. Mama Mwiko apike mwezi huu, dada mwezi ujao, kisha atabaki mmoja. Nikawatangazia kwamba nimeokoa nusu ya kazi. Shemeji akatoka nje kwanza.

Dada, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaniuliza nina mipango gani mingine. Nikamtajia yote minane. Alisikiliza hadi mwisho, akatabasamu, akavaa viatu, akaenda kwa Mama Mwiko.

Jumatatu, 10 Machi

Siamini! Mama Mwiko kaniajiri! Kumbe siku ile aliiona foleni yetu dirishani, akaitamani. Na aliyeniombea kazi ni dada mwenyewe. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia kwamba jiko lake lisingefika hapa lilipo bila mimi, na kwamba ananiachia kwa moyo mkunjufu, mwezi mzima, asinizuie kwa lolote. Shemeji kanibebea begi, yeye ambaye hajawahi kunibebea hata kikombe.

Mama Mwiko ni mpole, hana taswira yoyote, maskini. Nimemwahidi hadi mwisho wa mwezi huu chuo kizima kitakuwa kinamzungumzia. Dada alicheka mpaka machozi yakamtoka, akanikumbatia, akaniambia nisibadilike hata kidogo. Nimempa neno langu.