Mwiba Usitolewe Kabla Kaka Hajafika

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaohangaika kulitoa gazeti kila asubuhi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, fundi makochi kwa kazi, baba wa familia, na mtu asiyependa ugomvi. Ningeweza kunyamaza. Nimenyamaza tangu makala yenu ya "Ukiumwa na Nyuki Nyumbani" ilipotoka kwenye ukurasa wa afya, lakini sasa maji yamenifika shingoni. Kwa heshima zote naomba makala hiyo isahihishwe, kwa sababu inafanya kazi.

Nieleze kwanza tunavyoishi, usije ukadhani nimekurupuka. Nyumba yetu aliijenga marehemu baba, nasi tumegawana: upande wa barabarani ni wangu, upande wa nyuma ni wa kaka yangu mkubwa, dereva mstaafu wa lori, ambaye watu wote wanamwita Breki. Katikati kuna ukuta mmoja wenye mlango mmoja. Juu ya ukuta huo, pale dari inapokutana na mabati, kuna tundu lenye nyuki. Mimi nasema ni nyuki wa Breki. Breki anasema ni wangu.

Mwaka jana tulikosana kwa ajili ya redio. Mimi hufanya kazi redio ikiwa imefunguliwa. Yeye, baada ya maisha ya kuendesha usiku, hulala mchana. Aliniambia nipunguze sauti. Nikamjibu kwamba mtu aliyezeekea pembeni ya injini hawezi kusumbuliwa na taarifa ya habari. Akaupigilia mlango misumari kutoka upande wake. Nami nikaipunguza redio mpaka ikawa inanong'ona, ili asipate cha kusema tena, na kweli hakusema tena. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi. Sasa naja kwenye malalamiko.

1. Haraka. Daktari wenu anaandika kwamba ukiumwa uondoke penye nyuki, kisha mwiba utolewe mara moja, kwa kuukwangua kwa ukucha au chochote kilicho karibu, kwa sababu unaendelea kumwaga sumu. Ndugu Mhariri, hapa kwetu mwiba ulikuwa hautolewi hivi hivi. Ulikuwa unaitishiwa kikao. Mama mkwe alikuja na nusu ya kitunguu, shangazi akaja na dawa ya meno, na kabla mtu hajagusa kitu mgonjwa alieleza alikuwa amesimama wapi na nyuki alitokea upande gani. Wao wakibishana, jirani aliyechungulia mlangoni alikaribishwa chai. Mgonjwa alivimba, sikatai, lakini alivimba akiwa na watu. Siku hizi mama watoto, ambaye makala yenu ameibandika kwenye kabati la vyombo, ananikwangua kabla sijamaliza kusema "mama yangu". Jirani akifika anakuta tumeshaendelea na shughuli nyingine.

2. Maji na sabuni. Mimi ni mtu mzima, nina wateja, nami nasuguliwa kama sufuria. Hilo nalivumilia. Nisilolivumilia ni kwamba kitunguu cha mama mkwe kimekosa kazi, na yeye si mtu wa kutupa kitu. Anakipika. Tunakula vitunguu asubuhi na jioni. Shangazi naye amenuna. Anasema kama dawa yake ya meno haina faida, basi kila mtu atumie ya kwake, na hapo ndipo tulipogundua kwamba nyumba nzima tulikuwa tunatumia yake.

3. Kitambaa cha maji baridi. Uvimbe unashuka, Ndugu Mhariri, na wewe hujui uvimbe ulikuwa unanifanyia nini. Nina kochi la mwalimu mmoja mstaafu ambalo limekaa kwangu uchi muda mrefu, spring zote nje. Zamani alipokuja kulidai nilimfungulia mlango jicho moja likiwa limezibika, naye mwenyewe akasema pole fundi, nitapita wiki ijayo. Juzi nimemwambia nimeumwa na nyuki, akavaa miwani, akanikagua uso mzima kama anasahihisha insha, akasema haoni kitu. Ameapa atakuja kila asubuhi na gari lake na kupiga honi mpaka kochi litoke. Anakuja kweli.

4. Hili la nne ndilo lililonishikisha kalamu. Tangu mlango upigiliwe, kaka yangu hakuniambia neno. Lakini nikiumwa na nyuki alikuwa anakuja. Alizunguka kwa uchochoro wa nyuma, ule wa kupita mtu mmoja tena kwa kujibana, akiwa na kopo la grisi, maana madereva wa zamani wanaamini hakuna jambo linaloishinda grisi. Hakunisalimu. Aliongea na mwiba. Aliuambia kwamba umeingia mahali pabaya, na kwamba huyu uliyemwingia mwenyewe amekonda siku hizi, sijui anakula nini. Nami nikauambia mwiba kwamba watoto wanamuulizia baba yao mkubwa. Akauambia mwiba kwamba hata yeye huwasikia wakicheza. Hapo ananipaka grisi taratibu, mkono mzito ule ule ulionifundisha kuendesha baiskeli. Mwaka mzima, Ndugu Mhariri, mimi na ndugu yangu tulizungumza kwa njia hiyo, na tulikuwa tumefika mbali.

Makala yenu ilipotoka, niliumwa sikioni. Breki alisikia ukelele wangu, akaja na kopo lake, akanikuta nimekaa, sikio safi, nakunywa chai. Mwiba haukuwepo. Akatafuta pa kuanzia, hakupaona. Akasimama kidogo, akarudi. Niliutazama mgongo wake ukiingia uchochoroni na, nisikufiche, uliniuma kuliko nyuki. Tangu siku hiyo nimehamishia kazi zangu chini ya lile tundu. Nimejipaka manukato. Nimeligonga lile tundu kwa fimbo. Nyuki hawajaninyima ushirikiano, ila mama watoto ananiwahi. Mara ya mwisho nilijifungia stoo ili mwiba ukaekae kidogo mwilini mpaka kaka afike, nikasikia hodi: amesimama na beseni, sabuni imeshatoa povu.

5. Aya ya mwisho ya makala. Inasema mtu akivimba midomo au ulimi, akipumua kwa shida, akiishiwa nguvu, au akiumwa na nyuki wengi, msisubiri dawa yoyote ya nyumbani, mkimbizeni hospitali. Nimeisoma aya hii mara nyingi nikitafuta kosa, mpaka nimeikariri. Ni ya kutisha watu bure. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kupumua kwa shida kwa ajili ya nyuki, labda kwa kumcheka aliyeumwa. Isitoshe, makala inaitwa "Nyumbani", halafu mwishoni inatutoa nyumbani. Mwandishi aamue.

Kwa hiyo naomba mchape masahihisho, kwa herufi za ukubwa ule ule, kwamba matibabu ya mwiba wa nyuki yanahitaji watu wasiopungua wanne. Kwamba mmoja wao lazima awe kaka mkubwa wa mgonjwa, hata kama hawasemeshani, na hasa kama hawasemeshani. Kwamba mwiba usitolewe kabla hajafika. Na kwamba ile aya ya mwisho ifutwe kabisa. Mkiona ni vigumu, basi angalau muandike kwamba sabuni inasubiri grisi.

Nisalimie familia yako, wachapaji, na kijana anayeuza gazeti hapa kona, ingawa yeye naonana naye. Daktari wa ukurasa wa afya naye mpe salamu, mwambie sina kinyongo, ila angeuliza kwanza watu wanaishije.

Ndimi msomaji wenu mtiifu,
Fundi Makochi,
Upande wa Barabarani.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado mezani jana asubuhi, Breki alipopanda ngazi upande wake na ndoo ya saruji ili kuliziba lile tundu. Akaumwa shingoni na nyuki mmoja tu. Sisi tulipojibana uchochoroni mpaka tukafika, alikuwa amekaa chini, midomo imevimba, anaivuta pumzi kwa kazi. Mama watoto aliukwangua mwiba. Mama mkwe alikuwa na kitunguu, shangazi na dawa ya meno, na kikao kikaanza, kile kile nilichokuwa nakililia. Kaka mwenyewe alinyoosha kidole kwenye kopo la grisi.

Aya yenu ya mwisho ilijisoma yenyewe kichwani mwangu. Nikapaza sauti kwamba hapa hapakwi mtu kitu. Kwa uchochoroni tusingempitisha, kwa hiyo nikashika nyundo. Kung'oa misumari ndiyo kazi yangu ya kila siku. Mlango ukafunguka, tukambeba kupitia sebuleni kwangu hadi barabarani, ambako mwalimu mstaafu alikuwa ndani ya gari lake anapiga honi. Alitufungulia mlango wa nyuma bila kuuliza habari za kochi.

Hospitali walimchoma sindano. Daktari alisema tungekaa nyumbani kidogo tu, tungempeleka hospitali maiti. Nilitoka nje nikalia, sioni haya kusema.

Jioni alipoweza kuongea nilimuuliza alikuwa anaziba tundu la nini, wakati siku zote anasema nyuki ni wangu. Akanitazama mimi, si mwiba, akasema, "Unaumwa sana siku hizi." Kisha akasema, "Na ile redio, tangu uipunguze sisikii habari."

Kwa hiyo makala msiiguse, aya ya mwisho ndiyo kabisa. Barua naituma kwa kuwa bahasha imeshabandikwa stempu, ila naomba usiichapishe. Mnitumie nakala moja nyingine ya ukurasa ule, niibandike na kwenye kabati la Breki. Kochi la mwalimu limetoka. Mlango hatujaufunga, na redio nimeiongeza.