Malalamiko Dhidi ya Mti Uliokataa Kufa

Ndugu Bwana Miti,

Pole na kazi. Mimi ni yule fundi cherehani mwenye baraza mkabala na mtaro, ambaye mama mkwe wake ulimpa mbegu za mti wa mwati bila kumuuliza mwenye nyumba. Naandika kwa adabu, ingawa damu inanichemka.

Chanzo ni hiki. Mama mkwe alikuja kutusalimia. Salamu zikaisha, begi halikufungwa. Siku ulipogawa mbegu alirudi amefumba kiganja, akatangaza kwamba atazipanda uani, na kwamba mti ni kama mtoto, hauachwi. “Mti ukifa, mwanangu, naenda zangu.” Bwana Miti, uani kwetu hata magugu hufa. Nilikubali hajamaliza kusema, nikajitolea na kumsaidia.

Sasa sikiliza mlivyonitenda:

1. Mbegu. Kabla hajazipanda nilizimwagia maji yanayotokota, nikafunika, nikaziacha humo hadi asubuhi. Kiumbe gani kinapikwa kisha kinaota? Zilivimba, na moja ikachipua upesi kuliko fununu. Kumbe ganda lake ni gumu, na dawa yake ndiyo hiyo. Mama mkwe alinishukuru mbele ya mke wangu. Mimi, muuaji!

2. Udongo. Nilimshauri, kwa roho mbaya kabisa, aupande kwenye kifusi cha kokoto, jua linapopiga bila huruma. Akasema mkwe wake ana jicho, maana mwati hautaki mizizi ikae kwenye maji.

3. Maji. Ukame ulipoingia nilitangaza kwamba maji ni ya watu. Nilitegemea ugomvi. Yeye alikuwa ameshaacha kuunywesha, eti umekwisha kupata nguvu, sasa ushushe mizizi ujitafutie wenyewe. Mboga za jirani zilikauka zote. Mwati ukatoa maua ya njano, ya mviringo, kama vifungo vilivyovishwa kitambaa. Huo ni utovu wa nidhamu.

4. Mbuzi. Nilimwazima wa jirani. Mama mkwe alikuwa ameuzungushia miiba tangu ungali mdogo, kwa hiyo mbuzi alipalilia magugu pembeni, akaacha samadi, na akiondoka akapitia suruali ya mteja niliyokuwa sijaitia hata pindo. Mteja huyo hanisalimii mpaka leo.

5. Mkasi. Mwaka wa pili niliukata kichwa kwa mkasi wangu mkubwa wa kazi. Ukajibu kwa kutoa matawi kila upande. Sasa kivuli chake kinapita baraza langu. Wateja wamehamia huko. Cherehani nayo imehamia huko, kwani nitashona peke yangu barazani kama niliyesusiwa? Mama mkwe huketi hapo na kiti chake, akipiga vifungo na kuzisema kola zangu. Kola zimenyooka, nakiri, lakini hilo lisihesabiwe kuwa faida.

Kwa hiyo naomba ofisi yako initolee cheti chenye muhuri kwamba mti huu umekufa. Mti wenyewe ukibisha, tutaamini muhuri. Ikishindikana, njoo uung'oe, uende nao kwako pamoja na mlezi wake. Na hilo likikushinda, basi uandikie ukame barua ya onyo kwa uzembe kazini, nakala nipewe mimi.

Wasalimie wote hapo ofisini, hata anayemwagilia miche, ingawa yeye ni mshiriki.

Wako mwenye uchungu na heshima,
Fundi wa Mtaroni

Nyongeza: Nikitafuta bahasha, mama mkwe ametoka na begi limefungwa. Anasema mti umekua, hauhitaji tena mlezi, naye anakwenda kwa mwanawe mwingine. Nilimkumbusha makubaliano yetu: ataondoka ukifa, na haujafa! Nilimpeleka nikamwonyesha majani, mabichi yote. Akacheka mpaka akafuta machozi, akapanda basi. Kiti chake kipo pale pale kivulini. Nina shati hapa, kola imekwenda kombo naiona, na hakuna wa kunisema.

Cheti usikiandike, Bwana Miti. Mwati usiuguse. Nakuomba mbegu nyingine, ila usinipe jamaa hawa wasiokufa. Nitafutie mti wa kudeka, wa leo mafua kesho homa, ambao hauwezi kuachwa hata siku moja. Maji ya kuuotesha nimeshabandika jikoni.